Namna ya Kuwapendekezea Wasichana Riwaya katika Klabu ya Usomaji

Maswali ambayo walimu walezi na dada wasimamizi wa klabu za usomaji huuliza mwanzoni yanafanana kila mwaka: nianze na kitabu gani, nifanyeje ikiwa kitabu kina mapenzi ndani yake, wazazi watasema nini, na kwa nini riwaya inarudi mikononi mwangu ikiwa imesomwa kurasa tano tu. Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Umeandikwa kwa ajili ya klabu za wasichana wa sekondari nchini Tanzania, iwe zinakutana darasani baada ya vipindi, bwenini siku ya Jumamosi au katika maktaba ya mkoa. Msimamizi aliyeko Kenya atazifuata hatua zilezile, ila atabadilisha baadhi ya vitabu.

Jambo moja linatawala hatua zote. Riwaya hupendekezwa kwa msichana mmoja unayemfahamu, kwa sababu ambayo unaweza kumtajia ana kwa ana. Orodha ya vitabu iliyobandikwa ukutani haitoshi, kwa kuwa haijui nani kati ya wasomaji wako amefiwa na mama, nani anaozwa likizo ijayo, na nani anatafuta tu kitu cha kumchekesha baada ya mitihani.

Mahitaji kabla ya kuanza

Unahitaji riwaya sita hadi kumi ambazo wewe mwenyewe umezisoma kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Riwaya kumi ulizozisoma zitakusaidia kuliko kabati zima la vitabu unavyovijua kwa majalada yake. Unahitaji pia kaunta buku moja ya kumbukumbu, ambayo hutamwonyesha mtu mwingine.

Kama klabu iko chini ya shule, pata kibali cha mkuu wa shule na umwonyeshe vitabu vyenyewe, maana vitahesabiwa kuwa vitabu vya ziada. Februari 2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilipiga marufuku vitabu kadhaa vya ziada mashuleni kwa sababu ya maudhui yake, na tangu wakati huo wakuu wa shule wengi wamekuwa waangalifu zaidi. Ni haki yao kuuliza, na ni wajibu wako kuwa na jibu.

Hitaji la mwisho husahaulika mara nyingi: mfahamu mapema mtu utakayempelekea jambo zito likijitokeza. Huyo anaweza kuwa mwalimu wa malezi na unasihi, afisa ustawi wa jamii, au askari wa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu. Namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto na hupigwa bila malipo, iandikwe katika jalada la ndani la kila kitabu cha klabu.

Hatua ya 1: Mfahamu msomaji kabla ya kufikiria kitabu

Usimwulize msichana anapenda vitabu gani. Atakutajia kitabu anachodhani kitakufurahisha, au atanyamaza. Muulize ni simulizi gani aliyoifuatilia mara ya mwisho hadi akachelewa kulala, hata kama ni ya redioni, ya tamthilia ya televisheni au ya kundi la WhatsApp. Muulize ni kitabu gani alikiacha njiani na alichoka alipofika wapi. Muulize anasoma kwa raha zaidi kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na nani mwingine nyumbani atakishika kitabu hicho. Swali hili la mwisho litakuepusha na matatizo mengi, kwa sababu kitabu kinachosomwa na msichana wa Kidato cha Tano mchana huweza kuwa mikononi mwa mdogo wake wa darasa la tano jioni.

Simulizi za mtandaoni zisikutie hofu. Wasichana wengi wanaosemwa kuwa hawasomi husoma sehemu kadhaa za simulizi hizo kila usiku na wanakumbuka kila mhusika. Uwezo wa kufuatilia kisa kirefu wanao tayari.

Hatua ya 2: Soma kitabu kizima na uandike mambo manne

Katika kaunta buku, kila riwaya ipewe ukurasa wake. Andika ugumu wa lugha yake, andika namba za kurasa zenye mambo mazito kama vile ubakaji, kipigo, kutoa mimba au kujiua, andika kama msichana aliyemo anatenda au anatendwa, kisha andika mwisho wake.

Jambo hilo la nne ndilo linalohitaji fikra zaidi. Riwaya kadhaa maarufu za Kiswahili zinazomhusu binti zinampitisha katika anguko kubwa. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, Rosa anakulia Ukerewe chini ya baba mkali, Zakaria, anaanguka mara tu anapotoka chini ya mkono wake, na hatimaye anajiua. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, Maimuna anafungiwa ndani na baba yake, Maksuudi, na anapotoka anaishia kwenye danguro. Vyote viwili ni vitabu vikubwa, na waandishi wake wanaelekeza lawama kwa wanaume na kwa malezi kwa uwazi kabisa. Hata hivyo, msimamizi akivigawa ovyo na kuhitimisha kwa kusema "mnaona sasa matokeo yake," lawama yote inahamishiwa kwa binti.

Fikiria nani ameketi katika duara lako. Tangu Novemba 2021 wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi wa elimu, kwa hiyo inawezekana kabisa mmoja wa wasomaji wako amemwacha mtoto kwa bibi yake asubuhi hiyo. Binti huyo hapaswi kuhubiriwa mbele ya wenzake kwa kutumia riwaya. Rosa Mistika anaweza kuisoma, tena akaielewa kuliko wenzake wote, mradi umemwambia mapema faraghani kilichomo na umemwachia uamuzi.

Hatua ya 3: Panga vitabu kwa uzito wake

Umri peke yake ni kipimo hafifu, kwa kuwa wasichana wawili wa miaka 15 wanaweza kupishana sana katika mambo waliyoyapitia na katika uwezo wao wa kusoma. Mafungu matatu yanatosha.

Fungu la kuanzia liwe la vitabu vifupi vyenye lugha nyepesi na kisa kinachosogea haraka. Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, inayowahusu Peter na Zita wanaokosa shule kwa sababu ya umaskini wa nyumbani, inafaa hapa. Takadini ya Ben Hanson pia inafaa: mama wa Takadini, Sekai, anakimbia kijiji chake ili kumwokoa mtoto wake huyo aliyezaliwa na ualbino. Ikiwa klabuni kuna msichana mwenye ualbino, zungumza naye kwanza peke yenu, kwa sababu wenzake watamgeukia yeye kila ukurasa hata kama hawana nia mbaya. Vitabu hivi viwili vimesomwa kwa miaka mingi katika somo la Kiswahili, Kidato cha Tatu na cha Nne. Wape wasichana wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, kabla darasa halijavigeuza kuwa orodha ya dhamira na mafunzo ya kukariri.

Fungu la kati ni la msomaji aliyekwisha kumaliza riwaya mbili au tatu. Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, huwapata wasomaji wengi hapa, na Mfadhili ya Hussein Tuwa, ya mwaka 2007, huwafaa wanaotaka kisa cha mapenzi na machungu yake. Fungu la waliokomaa lina Rosa Mistika, Utengano na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ambamo Yasmin anaozwa angali binti mdogo kwa mwanamume wa umri wa kuwa baba yake, kisha anaamua kuyatafuta maisha yake mwenyewe katika Zanzibar ya miaka ya mwisho ya ukoloni. Mimi huiweka Vuta N'kuvute juu ya nyingine zote katika fungu hili, kwa kuwa Yasmin anatenda: anaondoka, anachagua, anakosea, na kisa kinaendelea kumheshimu.

Kwa wanaosoma Kiingereza kwa wepesi, The River and the Source ya Margaret Ogola, ya mwaka 1994, inawafuata wanawake wa ukoo mmoja kuanzia Akoko. Purple Hibiscus ya Chimamanda Ngozi Adichie, ya mwaka 2003, inasimuliwa na Kambili, binti wa miaka 15 ambaye baba yake anaheshimiwa na watu wa nje na kuogopwa na watu wa ndani. Hicho cha pili kina kipigo kikali cha nyumbani, kwa hiyo kiweke fungu la tatu.

Hatua ya 4: Pima lugha kwa ukurasa mmoja

Mfungulie msichana ukurasa wa katikati ya kitabu, asome kimyakimya, na kila anapokuta neno asilolielewa akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikikunjwa kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho ni kigumu mno kwake kwa sasa. Usitumie ukurasa wa kwanza, kwa sababu waandishi wengi huutengeneza kwa uangalifu wa pekee na haufanani na kurasa zinazofuata. Fanya zoezi hili mkiwa wawili tu. Ukilifanya hadharani, hakuna atakayekunja kidole cha tatu.

Hatua ya 5: Pendekeza kwa mdomo, kwa dakika mbili

Hii ndiyo hatua ambayo wasimamizi wapya huiharibu zaidi, kwa kuwa hueleza kitabu kama wanavyokieleza kwenye somo la fasihi. Msichana akisikia neno "dhamira" anajua kwamba mwishoni kuna maswali. Sema kama dada anayemweleza mdogo wake kisa alichokisikia. Kwa Siku Njema, kwa mfano, unaweza kusema hivi:

"Mdogo wangu, uliniambia unapenda visa vya watu wanaotafuta ndugu zao. Kijana wa humu amezaliwa Tanga, mama yake ni mwimbaji wa taarabu anayejulikana kila mahali, na baba yake hajawahi kumwona. Mama anafariki. Kijana anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta huyo baba. Mwanzoni kuna majonzi, nakwambia mapema. Soma kurasa ishirini. Ukiona hakikufai, nirudishie Jumatano, tutatafuta kingine."

Maneno hayo yanafanya mambo matatu: yanakiunganisha kitabu na jambo alilolisema yeye mwenyewe, yanamwonya kuhusu uzito uliomo bila kumwambia mwisho, na yanampa ruhusa ya kukirudisha. Ukiacha hilo la tatu, atakaa na kitabu mwezi mzima akikukwepa koridoni.

Tahadhari: usiseme kamwe kwamba kitabu "kitamfundisha" kuwa binti mwema, wala kwamba kinamfaa "kwa sababu ya hali yake." Binti aliyepewa riwaya ya yatima kwa sababu yeye ni yatima hujiona ametangazwa. Pengine anachokitaka yeye ni kisa cha upelelezi, na hicho ndicho apewe.

Hatua ya 6: Mpe vitabu viwili, achague kimoja

Weka viwili mezani vyenye ladha tofauti, kimoja kizito na kingine chepesi, kisha ondoka kwa muda. Akikaa nawe uso kwa uso atachagua kile anachodhani unakitaka. Alichokikataa usikihifadhi mbali, kwa maana mara nyingi hurudi kukiulizia baada ya kumwona mwenzake akicheka nacho bwenini.

Hatua ya 7: Zingatia wakati

Wiki za mitihani si wakati wa kuanzisha riwaya mpya. Mwanzo wa muhula ndio bora, na siku ya kufunga shule ni nzuri ikiwa una hakika vitabu vitarudi.

Kuna vitabu ambavyo wakati wake ni jambo la usalama. Katika mkoa wa Mara, ukeketaji hufanyika zaidi katika likizo ya Desemba. Riwaya kuhusu ukeketaji, kama vile Unanswered Cries ya Osman Conteh wa Sierra Leone, isomwe na kujadiliwa kabla shule hazijafungwa, ili binti mwenye hofu awe na nafasi ya kuzungumza na mtu mzima kabla ya kupanda gari la kwenda nyumbani. Ukimpa kitabu hicho siku ya kufunga, unampelekea hofu mahali ambapo hana wa kumwambia.

Hatua ya 8: Zungusha nakala chache kwa hesabu

Tuseme una wasichana 12 na nakala 4 za riwaya yenye kurasa 120. Kurasa kumi kwa siku ni kiasi kinachowezekana kwa binti anayechota maji, kupika na kuosha vyombo kabla ya kushika kitabu, na kwa mwendo huo atamaliza kwa siku 12. Weka wiki mbili kwa kila kundi la wanne, na katika wiki sita klabu nzima itakuwa imesoma. Kila kundi lijadiliane likimaliza, lisisubiri wengine. Wakati huohuo wale wanane waliobaki wawe na vitabu vingine, kila mmoja cha kwake.

Usipige picha riwaya nzima na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, wala usitoe kopi kitabu kizima. Ni kinyume cha sheria ya hakimiliki, na waandishi wetu wanaoandika kwa Kiswahili wanapata kidogo mno kwa kazi yao.

Hatua ya 9: Ongoza mazungumzo bila kumhoji mtu maisha yake

Anza na swali la hisia kuhusu kisa: ulikasirika wapi, ulitaka kumwambia nini Zakaria, ungekuwa jirani yao ungefanya nini. Swali la "ungekuwa jirani" ni zuri kwa sababu linampa binti nafasi ya kusema anayoyajua bila kuonekana anajizungumzia. Swali la "je, hili limewahi kumtokea mmoja wenu?" lisiulizwe kamwe katika duara.

Binti akijieleza mwenyewe bila kuulizwa, msikilize, mshukuru, kisha wahamishe wengine kwenye jambo jingine. Baada ya kikao kaa naye peke yake. Usimwahidi kuwa utaifanya siri, kwa sababu kama anadhuriwa ni lazima umpeleke kwa yule mtu uliyemwandaa tangu mwanzo. Mweleze hivyo kabla hajaendelea.

Hatua ya 10: Andika kilichotokea

Mstari mmoja unatosha: nani alisoma nini, aliishia wapi, alisema nini kwa maneno yake. Baada ya mihula miwili kaunta buku hiyo itakuwa imekufundisha mengi kuhusu wasichana wa eneo lako.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyashughulikia

Wanasoma uchambuzi badala ya kitabu. Vijitabu vya uchambuzi vinapatikana kila duka la vifaa vya shule, na binti anayevitumia atakutajia dhamira zote bila kujua mhusika alivaa nini. Usimkaripie. Mwombe akusomee ukurasa aliochukia zaidi. Kama hali hii imeenea, acha riwaya za mtihani kwa muhula mmoja na utumie vitabu visivyo na uchambuzi. Washindi wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Anataka visa vya mapenzi tu. Mpe. Kiu hiyo ni ya kawaida kwa umri wake, na riwaya iliyoandikwa vizuri itamwonyesha mapenzi yenye fikra na matokeo kuliko atakayoyapata kwingine. Anza na Mfadhili, na akiwa tayari mpe Vuta N'kuvute.

Ametazama filamu na anadai amesoma. Hili hutokea kwa Vuta N'kuvute, ambayo Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021. Mwambie atafute mambo matatu yaliyomo kwenye kitabu ambayo filamu imeyaacha, awaeleze wenzake.

Mzazi amekirudisha kitabu kwa hasira. Mkaribishe, mpishe kiti, umsikilize hadi amalize. Muulize ni ukurasa gani uliomsumbua, ufungue mbele yake, na umweleze kwa nini ulikichagua kwa ajili ya binti yake. Akishikilia msimamo wake, badilisha kitabu, kwa sababu ukishindana naye atamwondoa binti klabuni. Usikubali hata hivyo kuwaondolea wasichana wengine kitabu hicho kwa ombi la mzazi mmoja. Hilo lipeleke kwa mkuu wa shule.

Kitabu kimerudi bila jalada. Kishone, kibandike gundi, uendelee nacho. Klabu inayotoza faini hupoteza kwanza wasichana maskini.

Anasoma polepole mno na ana aibu. Angalia kwanza kama anaona vizuri, kwa maana macho mabovu hufichwa miaka mingi. Kisha mtafutie mwenzake mpole, wasomeane kwa sauti chini ya mti, kila mmoja aya moja, mbali na duara, wakianza na hadithi fupi zinazomalizika kwa kikao kimoja. Riwaya ya kwanza mpe akishamaliza hadithi fupi nne au tano, na umwachie yeye aseme lini.